Kutoka mawe manne hadi wati 3000: historia ya sauti sebuleni kwa babu

Najua nimekuwa kimya, na kuna watu hapa hall wameshaanza kusema nimedisko. Sijadisko, nipo. Nilikuwa TP Sumbawanga, nafundisha Historia na Kiswahili kidato cha pili, na muda wote nimekaa kwa babu na bibi kule Mazwi nilikokulia. Baridi ya Ufipa mnaijua wale mliowahi kufika: mwezi wa saba asubuhi unashika chaki kama umeshika barafu.

Leo nawaletea kisa cha amplifaya. Ni kisa changu mwenyewe, lakini mtu wa Historia ukimwambia asimulie jambo bila kurudi nyuma unamuonea. Kwa hiyo vumilieni, tutazunguka kidogo halafu tutarudi sebuleni kwa babu.

Chanzo ni simu. Tangu mwezi wa nne babu alikuwa ananipigia, na kila akipiga wimbo ni mmoja: "Mke wangu, redio yangu imechoka. Haina sauti tena. Wewe uko huko kwenye maduka makubwa, nitafutie mashine yenye nguvu." (Kwa wasiojua, mimi ni mjukuu wake wa kike wa kwanza, hivyo kwa utani ni mke wake, na bibi ni mke mwenzangu. Tunagombana vizuri tu.) Basi boom lilipoingia nikashuka Kariakoo, nikanunua amplifaya ya shilingi 260,000. Juu ya boksi imeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu: WATI 3000. Mnaojua bajeti ya mwanafunzi wa elimu mtaelewa maana yake. Wiki tatu zilizofuata nilipiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, tena mara nyingine chipsi kavu. Halafu nikaipakata ile mashine kwenye basi, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, mpaka Sumbawanga, kama nimebeba mtoto.

Sasa kabla sijawaambia ilivyotokea, turudi nyuma.

Zamani sauti haikuwa na umeme

Santuri za mwanzo hazikuhitaji amplifaya wala waya. Unazungusha mkono, springi inajikaza, sahani inazunguka, sindano inatetemeka kwenye mifereji, na mtetemo unapita kwenye kiwambo chembamba na kutokea kwenye pembe. Nguvu yote ya sauti inatoka kwenye ile sindano. Pembe haiongezi nguvu, inasaidia tu mtetemo uingie hewani vizuri badala ya kupotea. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya His Master's Voice, sahani zake zilisikilizwa na watu wengi wa mwambao kwenye mashine za namna hiyo za kuzungusha kwa mkono. Ukitaka kusikia vizuri unasogea. Hakuna kitufe cha kuongeza.

Jambo lililobadilisha dunia lilitoka kwenye kitu kinachofanana na balbu ya taa. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza, chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ndani ina waya unaopata moto. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kitu kidogo katikati, kama kichujio cha waya. Miaka michache baadaye ikaeleweka kwamba ukiweka umeme mdogo sana kwenye kile kichujio, unatawala umeme mkubwa unaopita ndani ya chupa. Hapo ndipo amplifaya ilipozaliwa.

Nikiwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha pili ningewaambia hivi. Fikiria bomba la maji. Mkono wa mtoto unaweza kufungua koki, na maji yakatoka kwa nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Je, nguvu ile ni ya mtoto? Hapana, ni ya tangi lililoko mlimani. Mtoto kazi yake ni kufungua na kufunga. Amplifaya ni koki ya namna hiyo: sauti ndogo inafungua na kufunga, na nguvu inatoka kwenye betri au kwenye soketi ya ukutani. Shikeni hilo la tangi, tutalirudia. Hakuna amplifaya inayoweza kutoa nguvu ambayo tangi halina.

Spika nazo zikaja. Mwaka 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham wa kule California walionyesha hadharani chombo chao walichokiita Magnavox, maana yake kwa Kilatini "sauti kuu". Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikitumia kuhutubia maelfu ya watu San Diego. Kabla ya hapo, mwanasiasa mwenye koo dogo alikuwa hana lake. Baada ya hapo, swali likawa ni nani mwenye mashine.

Sufuria ya buluu ng'ambo ya mpaka

Kwetu Ufipa mpaka uko karibu. Mbala ya Zambia, ambayo wakoloni waliiita Abercorn, ni jirani kabisa, na watu wa pande hizi mbili wameoana na kuuziana mahindi tangu zamani. Huko ng'ambo, wakati ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio maalumu kwa Waafrika wa kipato kidogo. Aliyeipigania ni Harry Franklin, aliyesimamia habari na matangazo Lusaka, na iliyotengenezwa ilikuwa ya kampuni ya Ever Ready. Mwili wake wa mviringo wa aluminiamu ulipakwa rangi ya buluu, ukafanana na sufuria, na watu wakaiita hivyo hivyo, redio sufuria. Iliuzwa pauni 5. Betri yake ilikuwa kubwa na ilidumu kama saa 300, lakini bei yake ilikuwa pauni moja na shilingi tano. Yaani betri nne tu zinakufikisha bei ya redio nzima! Kwa hiyo mwenye redio alikuwa anahesabu saa. Hakuwashi mpaka taarifa ya habari ifike, na ikifika majirani wote wako uani.

Kwetu Tanganyika matangazo yalianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu hawaachi kuitaja. Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini huku bara tulikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini, kwa mtu wa Sumbawanga, taifa lilikuwa ni sauti tu.

Mawe manne

Redio ya kwanza ya babu aliinunua mwaka 1972, National ndogo ya mkanda wa ngozi, ya mawe manne. Hapo valvu zilikuwa zimeshapitwa. Mwaka 1947 John Bardeen na Walter Brattain, katika kundi la William Shockley kwenye maabara za Bell, Marekani, walipata transista, na mwaka 1956 watatu hao wakapewa tuzo ya Nobel. Transista inafanya kazi ile ile ya koki, lakini haihitaji waya wa kupata moto, hivyo mawe madogo yanatosha. Redio ikatoka mezani ikaingia begani. Matsushita ya Japani ilikuwa imejenga kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, na Philips walikuwa na chao Arusha, hivyo redio hazikuwa tena kitu cha Mzungu na Mhindi peke yao.

Nguvu ya redio kama ile haifiki hata wati moja. Ikichoka, mawe yanaanikwa juani, yanapata uhai wa siku mbili zaidi, halafu yanaanikwa tena. Bibi anasema kulikuwa na siku ambazo mawe yalikuwa juu ya bati na samaki kutoka Rukwa pembeni, na babu alikuwa analinda mawe kuliko samaki.

Sasa hapa ndipo nilipopata somo ambalo hata kwenye kozi ya elimu ya watu wazima sikulielewa hivi. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wanaosoma elimu mmeshaikuta kwenye desa: vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, kipindi kila wiki, kitabu kidogo, na kiongozi wa kikundi anayesoma na kuongoza majadiliano kuhusu malaria, kuhara, minyoo, kichocho, na uchimbaji wa vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sisi tunakariri tarehe tuzitapike kwenye UE. Kumbe babu yangu alikuwa kiongozi wa kikundi, na sikuwahi kumuuliza!

"Mlikuwa wangapi babu?"

"Ishirini, siku nyingine ishirini na watano."

"Na redio ipi?"

"Si ile ile ya mawe manne."

Nikamuuliza watu ishirini na watano waliwezaje kusikia redio isiyofika wati moja. Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Tulikuwa tunanyamaza," akasema. "Mtoto akilia mama yake anatoka naye. Redio iko katikati juu ya kinu, sisi tumeizunguka. Ulitaka tufanyeje?"

Vivyo hivyo walisikiliza habari za vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na matangazo ya vifo, ambayo kwa RTD yalikuwa kama posta: mtu yuko Sumbawanga, ndugu yake amefia Tanga, atajua kwa redio. Wakati wa matangazo ya vifo hakuna aliyekohoa.

Wenye vyombo

Wakati Ufipa wanaanika mawe, mijini nguvu ya umeme ilikuwa inaamua mambo mengine. Bendi za dansi zilihitaji magitaa ya umeme, maikrofoni, spika na amplifaya, na vitu hivyo vilitoka nje kwa fedha za kigeni. Mwanamuziki wa kawaida asingeweza kuvinunua. Ndiyo maana baada ya uhuru bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina likawa linabadilika kila chama kikibadilika, JUWATA, OTTU, mpaka leo tunawajua kama Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikaenda kwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo DDC.

Angalieni neno lenyewe. Magitaa na amplifaya vyote kwa pamoja viliitwa "vyombo", na mwenye navyo ndiye mwenye bendi. Mtunzi anaweza kuwa na nyimbo mia kichwani, akigombana na mwenye vyombo anatoka mikono mitupu. Historia ya muziki wa dansi, na kuhamahama kote kwa wanamuziki, nusu yake ni historia ya nani anamiliki amplifaya. Miaka ya 1980 ukaja ushindani wa disko (ninayoisema ni ya muziki, siyo ile ya senati), ambapo mtu mmoja mwenye kaseti na mashine nzito anajaza ukumbi bila kulipa wapiga gitaa hata mmoja.

Redio kaseti, umeme wa Zambia, na fundi

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni. Babu anasema hata mawe yalikuwa yanatafutwa kwa kujuana. Mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa. Ndipo redio kaseti zikafika Sumbawanga, zile ndefu zenye spika mbili na taa. Babu wakati huo alikuwa anaendesha mashine ya kusaga, injini ya dizeli inayosikika mtaa wa tatu, na alikaa nayo miaka zaidi ya ishirini, kila siku, kwenye kibanda cha bati. Kumbukeni na hilo. Kwa mshahara wa pale alinunua redio kaseti, na ni kwa hiyo redio kwamba tarehe 14 Oktoba 1999 majirani walimsikia Rais Mkapa akitangaza kuwa Mwalimu Nyerere amefariki London. Bibi anasema uani palijaa, na watu hawakuondoka hata tangazo lilipokwisha.

Halafu umeme ulifika mtaani kwetu. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulinunuliwa Zambia na kupitia Mbala. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni utani kwamba taa yetu inawashwa na Wazambia. Umeme ulipofika, babu alimtafuta fundi wa redio pale sokoni, akamtengenezea amplifaya ya mkono: transfoma ya kusukwa upya, transista zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa, mwili wa bati la debe, na spika mbili ndani ya maboksi ya mbao. Haikuwa na jina wala maandishi. Ndiyo hiyo ambayo mwaka huu ilikuwa "imechoka".

Usiku wa wati 3000

Sasa turudi. Nimefika, nimesalimia, nimekula ugali wa ulezi na samaki, tukafungua boksi. Taa za buluu zikawaka, bibi akapiga vigelegele. Tukaunganisha spika zile zile za mbao, nikazungusha voliumu. Jamani! Vikombe vilicheza kabatini. Bibi akasema, "Mke mwenzangu, umeniletea tetemeko."

Babu alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, ukutani upande wa pili. Alisikiliza taarifa ya habari yote. Ilipokwisha nikamuuliza vipi. Akakaa kimya kidogo, nadhani alikuwa ananionea huruma.

"Sauti ni kubwa, mjukuu wangu. Lakini maneno sijayapata."

Hakuniita mke wangu. Ndipo nikajua mambo si mazuri.

Nikaongeza besi, ikawa mbaya zaidi. Jirani anayechomelea mageti akiwasha mashine yake, taa zote zinafifia na amplifaya inakoroma. Kesho yake nikambebea yule fundi wa sokoni, bado yupo, na nywele zote nyeupe. Aliigeuza nyuma, akafuta vumbi, akanionyesha kibandiko kidogo ambacho mimi msomi wa chuo kikuu sikukiangalia. Kimeandikwa: inakula wati 100.

"Mwalimu," akaniambia, "inakula mia, inatoa elfu tatu? Hiyo elfu mbili na mia tisa inatoka wapi?"

Tangi la mlimani, wadau. Nilikuwa nafundisha watu mfano wa koki huku mwenyewe nimenunua koki inayodai ina mto.

Ile 3000 ya kwenye boksi ni hesabu ya kibiashara inayoitwa PMPO. Wanachukua kilele cha nguvu kinachoweza kutokea kwa chembe ya sekunde, wanajumlisha spika zote, halafu wanazidisha wanavyotaka, kwa kuwa hakuna kipimo kinachowabana. Mchezo huu si mpya. Marekani ulikithiri mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikaweka kanuni kwamba anayetangaza nguvu za amplifaya ya nyumbani ataje wati inazotoa mfululizo kwa kipimo kinachoeleweka, na mwaka 2024 wakaifanyia marekebisho kanuni hiyo. Kwetu Tanzania kuna kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini hizo zinamlinda jirani. Mnunuzi wa Kariakoo inabidi ageuze mashine nyuma.

Fundi akapiga hesabu. Ile ya debe aliyoitengeneza yeye inatoa kama wati 20 kila spika. Hii mpya, ukiondoa inayopotea kwa joto, kama 40. Nikasema basi ni mara mbili, si haba. Akacheka. Sikio halihesabu kama kikokotoo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo mtu analitambua lakini hashtuki. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili ya ile", unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo nilikula mlo mmoja kwa wiki tatu kwa ajili ya desibeli tatu.

"Halafu," fundi akaongeza, huku anafunga skurubu, "mashine ya mzee haijachoka. Nilimbadilishia kapasita mwaka jana. Mzee mwenyewe umempeleka kupimwa masikio?"

Sikuwa na la kujibu. Miezi minne babu ananipigia simu, ananiambia redio haina sauti, na mimi nakwenda dukani.

Paka, taka, kaka, shaka

Tulikwenda hospitali Jumatano, nikaomba ruhusa shuleni. Sikio la kulia lilikuwa na nta ya miaka, wakaitoa, na babu akaruka aliposikia mlango unafungwa. Lakini kwa vipimo, masikio yote mawili yamepoteza sauti nyembamba, za juu. Ni umri, na ni ile injini ya dizeli. Sikio ndani lina vinyweleo vidogo sana vya kupokea mitetemo. Vikifa havioti tena, na vinavyotangulia kufa ni vya sauti za juu. Wataalamu wa afya kazini wanahesabu kwamba desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ni mpaka wa hatari, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unapungua kwa nusu. Injini ndani ya kibanda cha bati, miaka zaidi ya ishirini, bila hata pamba masikioni.

Sasa fikirini lugha yetu. Sauti za juu ndizo zinazobeba s, f, t, k, sh. Irabu ziko chini, zina nguvu, zinabaki. Chukua paka, taka, kaka, saka, shaka. Ondoa konsonanti. Unabaki na a-a, a-a, a-a. Ndicho babu anachosikia: mtangazaji anaongea, sauti anayo, irabu anazo, maneno hayapo. Na mimi nimemletea nini? Besi! Nimemwongezea kile ambacho hakukosa, kikafunika kidogo alichobakiwa nacho.

Daktari alitaja shimesikio. Bei yake ni boom zaidi ya moja, hiyo tunaiweka kwenye mipango ya ukoo, baba na shangazi wameshaambiwa. Kwa sasa tulifanya mambo mawili ya bure. Kwanza, nilipunguza besi mpaka mwisho na kupandisha zile sauti za juu. Pili, nilisogeza kiti. Kilikuwa mita nne kutoka kwenye spika, sasa ni mita moja. Uwanjani, kila ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6, kwa hiyo kutoka mita nne hadi moja ni 12, sawa na kuzidisha wati mara 16. Ndani ya chumba inakuwa pungufu kwa sababu kuta zinarudisha sauti, lakini bado ni zaidi ya desibeli zangu tatu za 260,000.

Nilijaribu kuirudisha fedha, kwa simu, nikajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Basi amplifaya ya wati 3000 iko kabatini Mazwi, bibi ameifunika kitambaa cha kufuma, anasema ni ya Krismasi na harusi. Ile ya debe imerudi mezani.

Usiku wangu wa mwisho kabla sijapanda basi, saa mbili ya habari ikakaribia. Babu akavuta stuli, akaweka spika moja ya mbao juu yake, usawa wa sikio lake la kulia. Bibi akaja na mboga zake za kuchambua, akakaa upande wa pili. Mimi nikakaa chini kwenye mkeka. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi akaanza kuongea, na babu akanyanyua kidole kimoja tu, bila kumtazama.

Yule mtoto akanyamaza, akakaa na yeye.

Haya wadau, UE inabisha hodi na sijagusa desa hata moja. Mkitaka kununua mashine, geuzeni nyuma kwanza. Na aliyeko nyumbani akikwambia redio imechoka, muulize maswali mawili matatu kabla hujashuka Kariakoo.